Jumatatu ya pili ya Oktoba, tuiiteje kwa Kiswahili?

Kazini kwetu kuna friji ya wafanyakazi, na mlango wa hiyo friji ndo ubao wetu wa matangazo, rosta ya mwezi inabandikwa pale kwa selotepu. Oktoba 2019 ilipobandikwa, kwenye kile kiboksi cha Jumatatu tarehe 14 palikua pamechapwa Columbus Day kama miaka yote, ile sikukuu ya Marekani ya kumkumbuka baharia wa Kiitaliano, Christopher Columbus. Asubuhi moja natoka shifti ya usiku naenda kuchukua hotpoti langu, nikakuta mtu kashapiga mstari juu ya Columbus kwa kalamu nyeusi, juu yake kaandika Indigenous Peoples Day, yaani siku ya watu wa asili. Kesho yake mwingine kapiga mstari juu ya hiyo Indigenous, karudisha Columbus, kalamu nyekundu. Yule wa kwanza akarudi. Wa pili naye akarudi. Mpaka inakaribia tarehe yenyewe kiboksi kilikua kimetoboka, unaona rangi ya friji kwa nyuma, na jina la dada aliyepangiwa shifti siku ile limeondoka na tundu, ikabidi bosi achape rosta nyingine. Kwenye hiyo mpya aliweka tarehe tu, bila jina la siku.

Mi nilicheka wiki nzima. Wakati ule nilikua bado mgeni mgeni hapa jimbo la Maine, Marekani, nalea wazee usiku, mchana nalala, na kwangu Columbus Day ilikua ni siku ambayo posta inafungwa, basi. Alafu kuna kitu wengi wetu hatukijui tukifika huku: hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha mwajiri binafsi akupe mapumziko siku ya sikukuu wala akuongeze hela ukifanya kazi. Sikukuu ya shirikisho ni ya wafanyakazi wa serikali ya shirikisho, wengine wanafuata wakipenda, na kila jimbo linajiandikia orodha yake lenyewe. Kwahiyo Jumatatu ile, iwe ya Columbus iwe ya nani, mi nilibadilisha shuka zile zile kwa hela ile ile ya siku zote. Ndo maana sikuelewa wale watu wa kalamu wanagombania nini.

Baadae nikaja kuelewa kwamba sheria yenyewe iliyoleta ile vurugu ya friji nayo ni kazi ya kufuta kwa kalamu. Sitanii. Miswada ya huku ukiifungua, maneno yanayotolewa kwenye sheria yamepigwa mstari katikati na yanayoingizwa yamepigwa mstari kwa chini, kwahiyo unaona kabisa nani anatoka nani anaingia. Muswada wa Maine uliitwa LD 179, gavana Janet Mills aliusaini tarehe 26 Aprili 2019. Kilichofanyika ni kupita kwenye vitabu vya sheria kila penye orodha ya sikukuu: siku mahakama zinafungwa, futa Columbus, weka Indigenous Peoples. Siku mabenki yanafungwa, futa, weka. Siku za shule, futa, weka. Hakuna hela ndani yake, hakuna ardhi, hakuna samahani. Ni rosta ya friji, sema ya jimbo zima. Na sheria za kawaida huku hazianzi siku ya saini, zinangoja siku 90 baada ya bunge kufunga kikao, ndo maana Oktoba ya kwanza kabisa ya jina jipya ikawa ile ile ya tundu kwenye karatasi yetu.

Na Maine haikuamka tu siku moja. Mji wa Belfast ulishabadilisha kwake 2015, Portland na Bangor wakafuata 2017, jimbo likaja mwisho. Mwezi huo huo wa Aprili 2019 New Mexico nao wakapitisha sheria yao, Mei wakafuata Vermont. Ukitaka wa kwanza kabisa kwenye majimbo nenda South Dakota, tena miaka mingi nyuma. Huko kulikua na mhariri wa gazeti la Lakota Times, Tim Giago, yeye mwenyewe Mlakota, kabila moja la watu wa asili, akamwandikia gavana George Mickelson kwamba mwaka 1990 unatimia mwaka wa 100 tangu Wounded Knee, pale wanajeshi wa Marekani walipowaua Walakota, wanawake na watoto humo humo, tarehe 29 Desemba 1890, sasa je utautangaza kua mwaka wa maridhiano? Mickelson, tena Mrepublican, akakubali, na Columbus Day ya jimbo lile ikawa Native American Day. Nani angedhani kwamba huko ndo kungeanza.

Niseme na hili la tangazo na sheria maana watu wanachanganya. Gavana anaweza akatoa tangazo kwamba mwaka huu tunaadhimisha siku fulani, lakini tangazo ni kama pumzi, akiondoka yeye limeondoka. Alaska gavana wao alitangaza 2015 alafu 2017 ndo ikaandikwa kwenye sheria. Vermont vivyo hivyo, tangazo 2016, sheria 2019. Kwenye ngazi ya taifa ndo umeona mchezo: 2021 Biden akawa rais wa kwanza kutoa tangazo la siku ya watu wa asili, pamoja na la Columbus, zote mbili kwa siku moja, alafu 2025 Trump akatangaza Columbus peke yake. Rais anaweza kubadili tangazo, ila orodha ya sikukuu za Maine haimhusu. Ukitaka kumrudisha Columbus hapa inabidi ulete muswada, usikilizwe hadharani kwenye kamati watu waje waseme yao, upite kwa wabunge 151 na maseneta 35 kule Augusta, makao makuu ya jimbo. Wakenya wataelewa hii vizuri, si mnajua Oktoba 10 yenu ilivyotembea, Moi Day ikawa ya Huduma ikawa ya Utamaduni sasa ni ya Mazingira, mtu unaamka hujui unapumzikia nini.

Sasa kuhusu mwenye kalamu nyekundu. Sikuwahi kumjua, ila nilikua na mzee mmoja wodini ambaye kama angeweza kutembea mpaka kwenye friji ningesema ni yeye. Mzee wa Kiitaliano, wazazi wa baba yake ndo walikuja na meli, yeye kazaliwa Portland, kakulia karibu na India Street. Hiyo India Street ndo ilikua mtaa wa Waitaliano wa hapa na kila nikipita nacheka peke yangu, watu wa Columbus kuishi mtaa wa India, si ndo huko alikokua anakwenda.

Huyu mzee usiku halali. Saa tisa usiku anabonyeza kengele, ukifika hana shida, anataka umpake mafuta miguuni na mpige stori. Akaniuliza, binti, huko kwenu Afrika mnamjua Columbus? Nikamwambia mzee wangu, huko pwani kwetu tunamjua mwenzake, Vasco da Gama, yule aliyeipata India kweli, 1498, tena baada ya kupewa rubani wa kumwonyesha njia pale Malindi. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema kumbe ujanja ni kuuliza wenyeji.

Alafu akatulia, akaanza kunieleza kwa nini imemuuma. Babu yake alipofika walikua wanaitwa majina ambayo siyaandiki hapa. Miaka ya 1920 Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi, walikua na nguvu kweli hapa Maine, na huku weusi walikua wachache mno kwahiyo waliokua wanatishwa ni Wakatoliki, Wafaransa wa Kanada, Waitaliano, Waairishi. Na kabla ya hapo, Machi 1891 kule New Orleans, kundi la watu lilivunja jela likawaua Waitaliano 11 kwa mpigo, baada ya kesi ya kuuawa mkuu wa polisi ambayo mahakama haikumtia hata mmoja wao hatiani. Mwaka uliofuata rais Benjamin Harrison akatangaza maadhimisho ya miaka 400 ya Columbus, na Waitaliano wakaishika ile siku kwa mikono miwili. Mi nilikua nadhani Columbus Day ni ya wazungu wakubwa wanajisifu. Kumbe kwa hawa ilikua ni ile barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, ukienda popote unaitoa: jamani msitufukuze, si mnamuona wa kwetu ndo aliyewaleta. Colorado ikawa jimbo la kwanza kuiweka kwenye sheria, 1907. Bunge la taifa likaiomba serikali iitangaze kila mwaka kuanzia 1934, na sheria ya 1968 iliyoanza kazi 1971 ndo ikaibandika kwenye Jumatatu ya pili ya Oktoba.

Mi nilimuelewa. Naandika hii nikijua kuna watakaoona nimemuonea huruma asiyestahili, lakini sisi pia tumekuja huku tunatafuta barua ya utambulisho, kila mtu na ya kwake, na ukishaipata ukaambiwa imefutwa kwa kalamu lazima ushtuke.

Tatizo ni Columbus mwenyewe. Huyu bwana hakuwahi hata kukanyaga jimbo lolote la Marekani ya leo, alitua visiwa vya Bahamas tarehe 12 Oktoba 1492, kwa watu wanaoitwa Wataíno. Wakamletea maji, chakula, kasuku, nyuzi za pamba. Sisi tuna msemo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sasa hesabu na mimi. Tarehe 12, tarehe 13, tarehe 14. Tarehe 14, siku ya tatu, Columbus kaandika kwenye daftari lake la safari kwamba kwa watu 50 tu anaweza kuwatiisha hawa wote na kuwafanyisha lolote. Siku ya tatu jembe alishikishwa mwenyeji. Na sio maneno tu, kilichofuata kisiwa cha Hispaniola, kazi za lazima za dhahabu, watu kusafirishwa Hispania kuuzwa utumwa, ukatili ulikua mkubwa kiasi kwamba mwaka 1500 wafalme wake wenyewe walimtuma mtu kwenda kuchunguza malalamiko ya utawala wake na Columbus akarudishwa Hispania na minyororo. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema wazee. Wataíno wakamngoja apone nani.

Nikamwambia mzee habari ya Colorado. Jimbo lile lile lililoanza 1907, mwaka 2020 likaifuta Columbus Day kwenye sheria yake, ila halikuweka watu wa asili. Liliweka siku ya Frances Xavier Cabrini, Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, sista wa Kiitaliano aliyekuja Marekani akajenga mashule na hospitali na nyumba za yatima kwa ajili ya wahamiaji. Nikadhani nimempa dawa. Mzee akasema Cabrini? Picha yake ilikua jikoni kwa bibi yangu, chini ya saa. Huyo mama alifanya kazi. Akafumba macho nikajua kalala, nikaanza kukusanya taulo, akasema bila kufumbua, lakini binti, siku ni siku. Sijawahi kujua alimaanisha nini na sasa siwezi kumuuliza, ameshatangulia.

Mwenye kalamu nyeusi pia sikumjua. Ila kulikua na nesi wetu mmoja wa kabila la Passamaquoddy, kwao Sipayik, kule mashariki mwisho kabisa mwa Maine. Hawa na Wapenobscot na Wamaliseet na Wami'kmaq kwa pamoja wanajiita Wabanaki, maana yake watu wa nchi ya mapambazuko, kwa sababu jua linaanza kwao. Nikadhani siku ile ya Oktoba atakuja na furaha. Alikuja na dumu la maji la lita nyingi, kama kawaida yake, akaliweka chini ya meza. Nikamwambia hongera dada, leo siku yenu. Akasema asante, nimeipokea. Akamimina maji kwenye birika. Alafu akasema, siku wametupa, maji bado.

Mi sikujua. Sipayik maji ya bomba kwa miaka mingi yalikua yanatoka ya kahawia. Yanatoka kwenye ziwa la kina kifupi lenye uchafu mwingi wa majani na udongo, wakiweka klorini ya kutosha kuua vijidudu klorini inagombana na ule uchafu inazalisha kemikali nyingine ambazo nazo ni hatari. Ukijaza beseni la kuogeshea mtoto unaona rangi ya chai ya rangi. Kwahiyo watu wanabeba madumu kwenda kuchota kwenye chemchemi. Marekani hii, nimetoka mimi kwetu tunabeba madumu nikajua nimeachana nayo. Nikamuuliza kwa nini kabila lisichimbe visima kwenye ardhi yao wenyewe. Akasema hapo sasa.

Hapo sasa ndo inakuja 1980. Miaka ya 1970 Wapenobscot na Wapassamaquoddy walienda mahakamani wakasema ardhi yetu ilichukuliwa kwenye mikataba ambayo bunge la taifa halikuidhinisha, na sheria ya tangu 1790 inataka liidhinishe. Madai yao yaligusa kama theluthi mbili ya jimbo lote la Maine. Watu wenye nyumba zao wakaingia baridi. Mwisho wakasuluhishwa, dola milioni 81.5, hela nyingi ikiwa ni ya kununulia ardhi, na Rais Carter akasaini tarehe 10 Oktoba 1980, Ijumaa, Jumatatu yake Columbus Day. Lakini ndani ya ule mkataba kuna maneno kwamba sheria yoyote ya shirikisho itakayotungwa baadae kwa faida ya makabila haitafanya kazi Maine kama inagusa mamlaka ya jimbo, mpaka iitaje Maine kwa jina. Yaani makabila ya majimbo mengine yakipata kitu Washington, haya ya hapa yanaangalia dirishani. Jimbo likawa linawahesabu kama halmashauri ya mji, wakati wao wanasema sisi ni taifa, tulikuwepo kabla ya ninyi kua na jina.

Kwenye maji yale walipata ahueni 2022, bunge likapitisha na Mills akasaini sheria ya kuwaruhusu watafute vyanzo kwenye ardhi yao bila kuomba ruhusa ya jimbo. Nampa haki yake. Ila 2023 ukaja muswada mkubwa, LD 2004, wa kuondoa kile kizuizi cha 1980 ili sheria za shirikisho zinazowafaidisha makabila mengine ziwafikie na hawa. Ukapita nyumba zote mbili. Gavana akaupiga veto, akisema umeandikwa ovyo utaleta kesi na mkanganyiko. Bunge likajaribu kumpiku, kura hazikutosha theluthi mbili. Gavana ni yule yule, Janet Mills, kalamu ni ile ile iliyosaini siku mwaka 2019.

Hapa ndo mi nilipofikia na nitasema wazi. Mtu akiniambia jina la siku halina maana, namwambia wewe hukuona ile friji, watu hawatoboi karatasi kwa kitu kisicho na maana. Sheria ile ilikua sahihi na ningeipigia kura kama ningekua na kura. Lakini nimeona jinsi ilivyo rahisi kutoa kitu ambacho hakipunguzi chochote mfukoni mwako, na ukishakitoa ukajiona umemaliza. Mwenyeji umempa Jumatatu. Jumanne anarudi kuomba ruhusa ya kuchimba kisima.

Na kura yenyewe kuna hii. Watu wa asili wote wa Marekani walipewa uraia 1924, lakini hapa Maine waliokua wanaishi kwenye ardhi za makabila walikataliwa kupiga kura ya rais mpaka 1954, na ya kuchagua wabunge wa jimbo mpaka 1967. Babu wa yule nesi alipigana vita ya pili ya dunia akarudi kwenye nchi ambayo hawezi kupiga kura. Makabila yana viti vyao bungeni Augusta, Wapenobscot tangu 1823, hicho ni kitu cha pekee na watu wa Maine wanapenda kukisema kwa majivuno, wasichokimalizia ni kwamba mwakilishi wa kabila anaweza kukaa, kuongea, kuleta muswada, kula kantini, ila hapigi kura. Wapenobscot waliondoka zao mwaka 2015 wakaacha kiti kitupu. 2019 alikuwepo Rena Newell wa Passamaquoddy. Kwahiyo siku ile wanapigia kura sheria ya kuwaheshimu watu wake, wenzake wote mle ndani wanabonyeza vitufe, yeye anaangalia ubao. Mi nikiwaza hiyo picha nashindwa kuimaliza.

Sasa narudi kwenye swali la juu, la Kiswahili. Maana mi ndo natafsiri matangazo ya shule kwenye grupu letu la WhatsApp, kina mama wengi ni Wakongo na Warundi, wengine hawasomi Kiingereza kabisa, na kila Oktoba shule inatuma meseji kwamba Jumatatu hakuna masomo kwa sababu ni Indigenous Peoples Day. Ntaandikaje? Shuleni kwetu sisi tulifundishwa Wahindi Wekundu. Yaani mtu mmoja kapotea njia baharini mwaka 1492, na kosa lake limesafiri miaka mia tano limeingia mpaka kwenye kitabu changu cha darasa la sita, tena likaongezewa rangi. Hilo silitumii. Watu wa asili nalo sawa, ndo la kwenye habari, ila masikioni kwangu linakaa karibu na dawa za asili na ngoma za asili, kama vile ni watu wa maonyesho. Wazawa, aa aa, ukisema wazawa Mtanzania anawaza zabuni na nani apewe tenda.

Mwisho nikachagua wenyeji. Neno lina pande mbili ambazo Kiingereza hakina: mwenyeji ni wa pale pale, na mwenyeji ndo anayekupokea ukifika. Nikalipenda hilo kwa sababu sisi wote mle kwenye grupu tulipokelewa na mtu, kuna aliyetupeleka ofisi ya misaada, aliyetuonyesha basi, aliyetupa makoti ya baridi, tukamuita mwenyeji wetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyepokelewa na Mbanaki. Nikaandika: wapendwa, Jumatatu shule zimefungwa, ni Siku ya Wenyeji.

Dakika tano tu voisi ikaingia, mama mmoja wa Kikongo, sauti ya watoto na televisheni nyuma. Dada, wenyeji ni banani hao? Ni siye?

Nikamrekodia voisi ya dakika nne. Nikaanza na Columbus, nikapita kwa wale Wataíno, nikaingia Sipayik, madumu, mkataba wa 1980, kiti cha kukaa bila kura, yaani nilijikuta nimesimama katikati ya jikoni nahutubia. Nikatuma. Alama mbili zikawa za bluu. Nikangoja.

Akajibu: aah kumbe. Poleni yao kabisa. Sasa dada, Jumatatu basi la shule linakuja ao halikuji?